Kumlea tarantula mchanga: mwongozo kamili, kuanzia kikopo cha sosi

Mara ya kwanza kuona jina la Usambara limeandikwa kwenye kikopo cha plastiki, nilikuwa Hamm, Ujerumani, kwenye yale maonyesho ya nyoka, mijusi na wadudu yanayofanyika mara kadhaa kwa mwaka. Ndani ya kikopo alikaa tarantula mchanga, wa jamii ile ya buibui wakubwa wenye manyoya, asiyezidi ukucha wa kidole gumba. Muuzaji hakujua kwamba Usambara ni milima yenye watu, viazi na baridi ya asubuhi. Kwake lilikuwa jina la rangi. Akanionyesha picha ya mkubwa wake: mwili mzima rangi ya chungwa la Muheza lililoiva. (Machungwa ya Muheza mengi huiva yakiwa bado ya kijani, lakini umenielewa.)

Nilitaka kumnunua palepale, kwa uzalendo tu. Nashukuru sikumnunua. Buibui yule, kitaalamu Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo na mtaalamu wa wanyama Pocock mwaka 1897, ana mbio za kumeza macho na hana subira na mtu. Tarantula wa Afrika na Asia hawana zile nywele za kuwasha ambazo wenzao wengi wa Amerika huwarushia maadui. Silaha yao ni chonge na sumu, na sumu ya huyu wa kwetu huleta maumivu makali na mikakamao ya misuli. Mtu anayejifunza kufungua kopo bila mkono kutetemeka hafai kujifunzia kwake.

Nikaondoka na mwingine: Tliltocatl albopilosus, wa Honduras, Nikaragua na Kosta Rika. Ni mpole, mgumu wa kufa, na nywele zake ndefu hujisokota akishakua. Nikamwita Kipilipili. Mwongozo huu umetokana na kumlea yeye na wenzake waliofuata. Mengi humu yanawafaa tarantula wote wachanga wanaoishi ardhini na kuchimba. Wale wanaokaa mitini wana taratibu zao, nawaacha.

Kabla ya kulipa

Nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, si aliyechimbwa porini. Kama jina lake linaanza na Brachypelma, wale wa Meksiko wenye magoti mekundu na jamaa zao, ujue jenasi yote iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo uliza karatasi inayoonyesha asili yake.

Walioko nyumbani: usiende shambani na jembe. Tanzania kwa sheria ya wanyamapori ya 2009, na Kenya kwa ile ya 2013, kukamata au kumiliki mnyama wa porini kunataka kibali, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Uliza mamlaka kwanza.

Ukubwa hupimwa kwa upana wa miguu, kutoka ncha ya mguu wa mbele hadi ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili. Sentimita 1 ni mtoto kabisa, na kosa dogo la maji linammaliza. Kama ni wako wa kwanza, ongeza hela kidogo upate wa sentimita 3 au 4. Uliza alikula lini na alijivua gamba lini mara ya mwisho. Muuzaji anayejua majibu amemtunza. Anayebabaika, mwache na buibui wake.

Halafu jiulize wewe mwenyewe. Jike la aina hii linaweza kufika karibu miaka 20. Dume akishabalehe hudumu muda mfupi, mara nyingi haufiki miaka miwili. Akiwa mchanga, huwezi kujua umenunua yupi.

Kopo

Kosa la mapenzi ni kumnunulia kasri. Buibui wa sentimita 1.5 ukimweka kwenye tangi la kioo, hatauona mlo wake, nawe hutamwona yeye. Anahitaji kikopo kama kile cha sosi ya chipsi, mililita 100 hadi 150, chenye kuta angavu na kifuniko kinachobana. Kirefu ni bora kuliko kipana, maana anataka kina cha kuchimba.

Pasha sindano moto, toboa matundu 10 hadi 15 kila upande, juu ya pale udongo utakapofikia, na machache kwenye kifuniko. Hewa iingie huku itokee kule. Matundu ya juu peke yake huacha hewa imetuama na ukungu unakuja. Kipimo cha tundu ni kifua cha buibui, ile sehemu ngumu ya mbele inayobeba miguu. Tumbo linabonyea, kifua hakibonyei. Pakipita kifua, buibui wote amepita. Kwa mdogo kiasi hiki, tundu la milimita 1 linatosha. Toboa kutoka ndani kwenda nje, ili makali ya plastiki yasibaki upande wake.

Makumbi

Udongo wake ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale wakulima wa vitalu wanayaita kokopiti. Ulaya huuzwa kama tofali kavu. La gramu 650 ukiliroweka linatoa lita nane hivi, na kopo la buibui mchanga linachukua chini ya kikombe kimoja cha chai. Tofali moja litakutosha miaka.

Mtu wa pwani atauliza: si makumbi tunayo tele? Tunayo, lakini makumbi ya kusokota kamba hufukiwa ufukweni kwanza ili yalainike, na yanakuja na chumvi. Hata ya dukani mengine yana chumvi. Yasuuze kwa maji baridi mara mbili tatu, kamua, kisha acha yakauke kidogo hewani hadi yafike hali hii: ukifinya konzi moja, yanashikana lakini hayadondoshi tone.

Jaza theluthi mbili ya kopo na ushindilie kwa kitako cha glasi. Watu wengi hawashindilii, halafu shimo la buibui linabomoka kila akichimba. Ukimaliza, chukua penseli, toboa njia ya kushuka pembeni kabisa, ikigusa ukuta wa kopo. Akiikubali, utamwona akiwa ndani bila kumsumbua. Juu weka kipande cha gome la mti na jani kavu moja la kujifichia. Mawe hapana: akichimba chini yake, litamwangukia.

Siku ya kumwingiza

Weka beseni kubwa mezani, na kazi yote ifanyike ndani ya beseni. Uwe na brashi laini ya rangi na glasi ya kumfunikia akitoroka. Kopo lake jipya liwe tayari, kifuniko kando.

Mara nyingi amefungwa kwenye kichupa chenye karatasi ya chooni yenye unyevu. Kunjua taratibu, wachanga wengi huvunjika miguu hapa kwa haraka ya mwenyewe kutaka kumwona. Laza kichupa ndani ya kopo, mdomo ukielekea kwenye tundu la penseli, usubiri. Akigoma, mguse miguu ya nyuma kwa ncha ya brashi, aende mbele. Usimpulizie kwa mdomo. Pumzi ya mtu kwake ni pumzi ya mnyama anayekuja kumla.

Akiingia, funga, weka rafuni pasipopigwa jua, ondoka. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe anakuja nalo. Usiku uleule au baada ya siku kadhaa ataanza kutoa vidonge vya udongo kutoka shimoni na kuvirundika mlangoni. Siku tatu hadi tano za mwanzo hakuna chakula wala kufunguafungua.

Maji ndiyo maisha yake

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu wachanga wengi wanaokufa mikononi mwa wageni wa kazi hii wanakufa kwa kiu au kwa kuloweshwa. Mkubwa ana ngozi inayozuia maji yasimtoke. Mchanga ngozi yake bado nyepesi. Sehemu kavu ya kukaa wiki mbili, ambayo mkubwa hata haioni, yeye inamkausha. Watu wakisoma hivyo wanakimbilia kunyunyiza kila siku. Kopo linageuka kinamasi, kuta zinatoa jasho, ukungu unaota, na buibui anapanda kukaa kwenye kifuniko. Buibui wa ardhini anayekaa kifunikoni siku tatu mfululizo anakwambia chini hapakaliki.

Unachotafuta ni chini pawe na unyevu, juu pakavu. Basi mwagilia kwa kufuata ukuta: chukua bomba la sindano bila sindano yake, dondosha maji kwenye kona moja iliyo mbali na mlango wake, yashuke hadi chini. Maji yatasambaa chini kwa chini, uso wa juu utakauka kesho yake, naye atachagua mwenyewe akae kina gani.

Mara ngapi? Inategemea nyumba. Majira ya baridi Ulaya, hita ikiwaka, kopo linakauka upesi. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Aprili linaweza kukaa wiki tatu. Mimi niliacha kubahatisha, nikatumia mizani ya jikoni. Siku kopo liko sawa, lipime, andika uzito kwenye kifuniko. Kila Jumapili lipime tena. Limepungua gramu 10? Rudisha mililita 10, au pungufu kidogo. Buibui mwenyewe hana uzito wa kuharibu hesabu. Sijaona kipimo cha unyevunyevu cha dukani kilichonisaidia kuliko hicho. Kwenye kopo dogo vile vyombo vya duara vinadanganya tu.

Kumnywesha ni jambo la pili. Mdogo kabisa hunywa tone lililoning'inia ukutani au kwenye utando, kwa hiyo acha matone mawili matatu juu kila unapomwagilia. Akifika sentimita 3, mwekee kizibo kidogo cha chupa kama bakuli. Atakijaza udongo. Safisha, jaza tena, atakijaza tena, ndivyo walivyo. Sponji usiweke, linafuga vijidudu.

Joto halina hesabu ngumu. Kati ya nyuzi 20 na 27 anaishi vizuri, na chumba unachokaa wewe bila koti kinamtosha. Taa ya kupasha joto humkausha. Mkeka wa umeme chini ya kopo ni mbaya zaidi: buibui akiona joto hukimbilia chini, na chini ndiko linakotoka. Baridi ikizidi, mpandishe rafu ya juu.

Chakula

Nzi wa matunda wasioruka, nyenje wadogo waliototolewa juzi, au kipande cha funza wa unga. Mnyama wa kuliwa asizidi ukubwa wa tumbo la buibui. Mchanga wa sentimita 1 si lazima umletee aliye hai: mkatie paja la nyenje, liweke karibu na mlango jioni, asubuhi hulikuti. Funza mzima mponde kichwa kwanza, la sivyo atazama kwenye udongo na kumkuta buibui siku asiyoweza kujitetea.

Mara moja kila siku tano hadi saba inatosha. Masalio yote yatoke kesho yake kwa kibano. Mtazame tumbo: likiwa sawa na kifua au limezidi kidogo, ni mzima. Limefikia kifua kimoja na nusu? Pumzisha. Tumbo kubwa ni puto, akianguka, linapasuka.

Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, au senene kama uko Bukoba, mkono utakuwasha kumletea. Usilete. Hujui wamepita kwenye shamba gani lililopigwa dawa. Pareto na dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu yake humuua buibui kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana dawa ya mbu ya kupuliza isiingie chumba chake kabisa, na ukimaliza kushika chandarua chenye dawa, au paka aliyepakwa dawa ya viroboto, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa kopo.

Kujivua gamba

Si ile kampeni ya CCM, chama tawala cha Tanzania, ya 2011. Huyu hujivua kweli. Anakua kwa kuliacha gamba lote, pamoja na chonge na hata kitambaa cha ndani cha tumbo la chakula. Mchanga hufanya hivyo kila mwezi mmoja au miwili, baadaye miezi, na jike pevu mara moja kwa mwaka au pungufu.

Dalili zinaanza kwa kususa. Tumbo linang'aa, na kile kipara cha juu ya tumbo kinageuka cheusi kwa sababu nywele mpya zimeshaota chini yake. Anapunguza kutembea. Kisha siku moja unakuta mlango umezibwa kwa udongo na utando. Hapa watu hupaniki na kufukua. Usifukue. Anaweza kujifungia wiki tatu, anaweza miezi miwili, na kazi yako ni mizani ya Jumapili na kona ile ya maji. Nyenje hai usimwachie ndani, maana buibui anayejivua huliwa na mlo wake.

Ukibahatika kumwona, utamkuta kalala chali, miguu juu. Hajafa. Buibui anayekufa hubaki wima, miguu imejikunja chini ya mwili kama ngumi. Wa chali mwache: usimguse, usimnyunyizie, usihamishe kopo. Mchanga humaliza kwa dakika chache hadi saa moja hivi, mkubwa huchukua saa nyingi.

Baada ya hapo ni laini kama mkate uliolowa chai. Chonge zake zinaanza nyeupe, zinapita wekundu, zinaishia nyeusi, na mpaka ziwe nyeusi hawezi kuuma chochote. Mchanga msubiri wiki moja kabla ya kumlisha, mkubwa wiki mbili. Maji yawepo tangu siku ya kwanza.

Gamba lenyewe usilitupe. Akifika sentimita 5 hivi, lilainishe kwenye maji yenye tone la sabuni, likunjue sehemu ya tumbo, utazame kwa darubini ndogo katikati ya mapafu mawili ya juu. Jike lina kifuko cha kuhifadhia mbegu, kinaonekana kama kikunjo kilichosimama. Kipilipili alinitoka jike kwenye gamba la saba, baada ya mimi kumwita "bwana mdogo" mwaka mzima.

Mambo yanapoharibika

Ukiona miguu imejikunja chini na tumbo limenywea kama zabibu kavu, ni kiu. Mlaze kwenye kijiko, sehemu ya mbele tu iguse ukingo wa maji, maana mdomo uko chini kati ya chonge. Tumbo lisizame, matundu yake ya kupumulia yako huko. Nusu saa inatosha kuona kama atajinyoosha.

Vidudu vyeupe vinavyoruka ukivigusa ni wasafi, wanakula ukungu, waache. Utitiri unaotambaa na kumganda viungoni si mzuri: mhamishie kopo jipya lenye udongo mkavu zaidi, na jiulize masalio gani uliyasahau. Sisimizi ni tatizo la kwetu zaidi kuliko la Ulaya. Tumia mbinu ileile ya bibi ya kulinda sukari, miguu ya rafu isimame kwenye makopo yenye maji.

Na kumshika mkononi? Hapana. Hafurahii, hakujui, na akidondoka kutoka usawa wa kifua chako tumbo linapasuka. Juu ya hayo, aina hii hupeperusha nywele kwa miguu ya nyuma. Kwenye ngozi zinawasha kama upupu. Kwenye jicho ni safari ya hospitali. Hata gamba alilolivua na utando wa zamani zimejaa nywele hizo, kwa hiyo usafi ufanye na glovu, mikono isipande usoni.

Kuhama

Miguu yake ikinyooshwa imefikia theluthi mbili ya upana wa kopo, tafuta kubwa zaidi: kwa kawaida lita moja akiwa na sentimita 4 au 5, na mwisho boksi la sentimita 30 kwa 20 litakalomtosha utu uzima. Usimhamishe akiwa na tumbo linalong'aa, wala wiki ya kwanza baada ya gamba. Beseni, brashi, glasi, kama siku ya kwanza. Tofauti ni kina: udongo uwe sentimita 12 au zaidi, na kutoka udongo hadi kifuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Boksi refu lenye udongo mdogo linapendeza kwenye picha, lakini buibui atapanda kuta, na atadondoka.

Ukisafiri

Wiki tatu nyumbani Desemba hazimdhuru. Mlishe siku nne kabla, toa masalio, rudisha uzito wa kopo kwenye namba iliyoandikwa kifunikoni, jaza kizibo, ziba dirisha linalopitisha jua. Kama bado yuko chini ya sentimita 2, mwombe mtu apite mara moja katikati adondoshe mililita tano kwenye kona uliyoitia alama kwa kalamu. Mwachie bomba la sindano, likiwa na maji hayo tu. Nyenje wafungie chumba kingine na usimwambie walipo, kwa sababu akijua atamlisha.